Mkwaruzo uko kwenye plastiki, si kwenye sarafu

Kazi yangu ni kutengeneza saa, na tangu nihamie Loitokitok kutoka Mombasa nimejua kwamba adui wa kioo cha saa huku si hewa ya chumvi kama kule kwetu, ni vumbi. Mji huu umekaa ubavuni mwa Kilimanjaro na udongo wake ni wa volkano, mwepesi kupeperuka, na ndani yake mna chembe ngumu kuliko plastiki yoyote unayoijua. Ukishuka Kimana kuelekea Amboseli unakutana na vumbi jingine, jeupe, la magadi, linaloinuliwa na upepo kutoka kwenye ziwa lililokauka. Sasa chukua kitambaa kikavu ufute kitu cha plastiki kilichokaa dirishani wiki moja. Wewe unadhani umekifuta, kumbe umekipiga msasa.

Naandika haya kwa ajili ya wenzangu wa pwani wenye sarafu za kale ndani ya vifuko vya plastiki. Nimeletewa vitu hivi mara kadhaa, watu wakisema, "Wewe fundi, hiki si kama kioo cha saa tu?" Kwa kiasi fulani ni kweli. Saa nyingi za zamani zina kioo cha akriliki, na kuondoa mikwaruzo kwenye akriliki ni kazi ambayo kila fundi wa saa huifanya karibu kila siku. Lakini kifuko cha sarafu kina mambo yake ambayo kioo cha saa hakina, na nusura mtu mmoja hapa mjini apunjwe haki yake kwa sababu ya kutoyajua.

Kwanza tuelewane ni sarafu gani tunazozungumzia. Nyumba za pwani hazikosi kikopo cha fedha za zamani. Kuna senti za tundu za enzi ya Waingereza, na thumuni zake. Kuna pesa za shaba za Sultan Barghash wa Zanzibar zenye mizani, zilizopigwa mwaka wa 1299 wa Hijria. Kuna hela za Wajerumani, ambazo jina lake limebaki midomoni mwetu ingawa Wajerumani wenyewe waliondoka zamani. Na kuna ile ambayo Mombasa inaweza kujivunia, rupia ya fedha ya mwaka 1888 iliyotolewa na kampuni ya Imperial British East Africa, yenye mizani na jina la mji wetu, MOMBASA, limeandikwa wazi. Ilipigwa Birmingham. Hata sarafu za juzi juzi zimeanza kutafutwa: Katiba ya 2010 ilikataza picha ya mtu yeyote kwenye fedha zetu, na mwishoni mwa 2018 zikaja sarafu za twiga, kifaru, simba na ndovu. Zile za sura za marais sasa zinawekwa kando, hasa ile ya shilingi 40 ya mwaka 2003.

Vifuko navyo havilingani. Kilicho rahisi kabisa ni karatasi ngumu iliyokunjwa yenye kidirisha chembamba cha plastiki. Hicho kikichubuka hakina dawa, kitupe ununue kingine, bei yake haifiki ya chai. Kuna pochi laini zinazokunjika kama mfuko wa kitambulisho. Hizo mimi nazichukia. Nyingi ni za PVC, na PVC ikizeeka hutoa majimaji yanayoacha utando wa kijani unaonata kwenye sarafu, na utando huo hula chuma. Mtu asihangaike na mikwaruzo ya pochi ya namna hiyo. Atoe sarafu yake leo. Kuna kapsuli, yaani kikasha cha mviringo cha akriliki kinachofunguka kwa kubanduliwa. Kapsuli ni starehe kuifanyia kazi, kwa sababu unatoa sarafu kwanza, unaiweka mbali, kisha unang'arisha plastiki tupu kama unavyong'arisha kioo cha saa.

Kazi yenyewe iko kwenye kile wakusanyaji wanachokiita slabu. Mimi nitakiita kibao. Ni kasha bapa la plastiki ngumu ambalo kampuni ya wapimaji hulifunga kwa mawimbi ya sauti yanayoyeyusha kingo mbili zikawa kitu kimoja. Ndani yake mna sarafu, na juu yake kikaratasi chenye jina, namba na daraja, kuanzia 1 hadi 70. Kampuni mbili zinazoaminika zaidi ni za Marekani, PCGS iliyoanza mwaka 1986 na NGC iliyoanza 1987. Ukivunja kibao kutoa sarafu, umevunja pia ule ushahidi kwamba mtaalamu aliiona akasema ni ya kweli na ni ya daraja kadha. Kwa hivyo kibao husafishwa kikiwa kimefungwa, sarafu ikiwa ndani, na hapo ndipo uangalifu unapohitajika.

Yule aliyenusurika ni mama mmoja anayeuza leso hapa sokoni, mzaliwa wa pwani kama mimi. Marehemu mumewe alikuwa baharia, na katika safari zake alinunua Uingereza rupia moja ya 1888 ikiwa tayari ndani ya kibao. Kibao hicho kimeishi miaka chini ya marobota ya leso, kimesuguana na kufuli, funguo na mkasi. Alipotaka kuiuza apate karo ya mwanawe, mnunuzi mmoja akaitazama akatikisa kichwa: "Mama, sarafu hii imekwaruzwa usoni. Nitakupa bei ya fedha ya kuyeyusha tu." Bei ya fedha ya kuyeyusha, kwa rupia yenye uzito wa gramu zisizofika 12! Mama akaniletea. "Kaka, hebu nitazamie na hiyo miwani yako ya saa, kama ni kweli nikubali yaishe."

Jambo hili kila mwenye kibao anaweza kulipima mwenyewe bila fundi. Washa tochi ya simu, ishike kwa ubavu, na utazame mkwaruzo huku ukiinamisha kibao taratibu, kushoto na kulia. Mkwaruzo ulio kwenye sarafu haubanduki mahali pake. Kama umepita juu ya ile mizani, utabaki juu ya ile mizani hata ukikiinamisha vipi. Mkwaruzo ulio kwenye plastiki huhama. Sasa hivi uko juu ya herufi M, ukiinamisha kidogo uko juu ya O. Mara nyingine utaona hata kivuli chake kimeanguka juu ya sarafu, kwa sababu baina ya plastiki na chuma kuna nafasi. Halafu lowesha ncha ya kidole kwa maji kidogo upitishe juu ya mkwaruzo. Ukififia au ukipotea mara moja, uko juu ya plastiki na wala si mzito, maana maji hayafiki kwenye sarafu. Ya mama yule ilihama yote, michirizi kumi na kitu, na chini yake uso wa rupia ulikuwa safi.

Sisemi mnunuzi alikuwa tapeli. Inawezekana hakujua. Lakini biashara ya vitu vya kale ina watu wanaojua sana na wanaonyamaza.

Kwa nini maji yaufiche mkwaruzo? Kwa sababu mkwaruzo si doa, ni mfereji. Mwanga ukipita kwenye plastiki laini hunyooka. Ukifika kwenye kingo za mfereji hutawanyika, ndiyo maana tunaona mstari mweupe. Maji yakijaza mfereji, mwanga hupita karibu kama kawaida. Mafuta hufanya hivyo hivyo, na yanakaa zaidi ya maji. Kwa hivyo ukiuziwa kibao kinachong'aa kwa namna ya utelezi, kifute kwa kitambaa chenye tone la sabuni mbele ya muuzaji. Nimeona kibao kilichopakwa mafuta ya nazi kikapendeza kama kipya, na baada ya kufutwa kikarudi uzee wake wote.

Kuondoa mkwaruzo kwa kweli si kuujaza. Ni kuishusha plastiki iliyo pembeni yake, kwa kiasi kidogo mno, mpaka kingo za mfereji zikose ukali na mwishowe mfereji wenyewe utoweke. Ukilishika hilo, mengine yote yanafuata: mkwaruzo mwembamba unataka kusuguliwa kidogo na dawa laini, mkwaruzo mzito unataka kushushwa sana, na kuna mkwaruzo ambao ukiushusha utaacha bonde linalopinda sura ya sarafu, na huo ni heri ubaki. Kipimo changu ni ukucha. Pitisha ukucha juu yake taratibu. Usipokwama, utaondoka. Ukikwama kidogo, utapungua. Ukinasa kabisa, usijidanganye.

Sasa kazi yenyewe. Anza kwa kupuliza vumbi kwa kile kipira cha mafundi wa saa na kamera, si kwa mdomo, maana mdomo hutema mate. Kisha chukua kitambaa cha maikrofaiba kilicholoweshwa na kukamuliwa, chenye tone moja la sabuni ya kuoshea vyombo, ufute bila kukandamiza, ukigeuza upande wa kitambaa kila mara. Hatua hii watu huiruka na ndiyo inayoharibu vibao vingi, kwa sababu chembe moja ya udongo wa Loitokitok ikibaki chini ya kidole chako itachora mistari mipya mizuri ya mviringo. Nyinyi mlio Mombasa mtumie maji ya mvua au ya chupa. Maji ya visima vyetu yana chumvi na yakikauka yanaacha madoa meupe ambayo mtu huyasugua tena akidhani ni mikwaruzo.

Wala usikitie kibao kwenye bakuli la maji. Kinaonekana kimezibwa lakini hakikuundwa kuzuia maji, na unyevu ukipenya ndani hauna pa kutokea, utabaki na sarafu mpaka uiandike madoa. Kwa sababu hiyo hiyo, kabla ya kupaka dawa yoyote mimi huzungushia selotepu kwenye ukingo wote ulipoungwa, na kipande kingine juu ya alama yoyote ya kung'aa au herufi zilizochomoza. Kibandiko cha usalama kilicho nje ya kibao kikipakwa dawa huchubuka, na kibao kilichochubuka kibandiko kinatiliwa shaka kuliko chenye mikwaruzo mia.

Dawa ninayoitumia ni ile ile ya vioo vya saa, PolyWatch, ambayo ni krimu iliyotengenezwa kwa akriliki. Wakusanyaji wengi wa nje wanapenda PlastX ya Meguiar's, ambayo ni dawa ya plastiki za magari na inapatikana kwenye maduka makubwa ya vipuri, au Novus ambayo huja kwa namba kulingana na ukali. Yoyote utakayopata, ijaribu kwanza kwenye kona ya nyuma ya kibao, kwa sababu vibao havikutengenezwa vyote kwa plastiki ya aina moja na umri wao haulingani. Weka kiasi cha punje ya mchele. Sugua kwa pamba au kitambaa laini kwa miduara midogo, kidole kikiwa chepesi, dakika moja au mbili, kisha futa utazame. Rudia. Mara ya tatu au ya nne ndipo macho huanza kuamini. Usitafute haraka: kukandamiza huleta joto, joto hulainisha plastiki, na plastiki iliyolainika haing'ai, inavutika.

Ndiyo maana siwashauri wenye vibao kuwapelekea vijana wanaong'arisha taa za magari, hata wawe hodari kama wa Kitengela, ambao taa ya gari la mtumba iliyogeuka manjano wanairudisha ujana mbele ya macho yako. Wanatumia mashine ya kuzunguka na kompaundi kali, na taa ya gari ni plastiki nene ya aina nyingine, inayostahimili. Kibao kitaungua katikati kabla kijana hajainua mkono.

Kuna swali la dawa ya meno, najua litaulizwa. Inafanya kazi, kwa kuwa ndani yake mna unga wa kusugulia, lakini unga huo ulipimwa kwa ajili ya meno, nayo ni magumu kuliko plastiki. Itaondoa mistari mikubwa iache ukungu wa mistari midogo. Kwa kapsuli ya bei ndogo, sawa, ile nyeupe ya kawaida, isiyo ya jeli. Kwa kibao chenye rupia, hapana.

Mkwaruzo unaogusa ukucha unataka msasa wa maji, na hapa naomba mtu ajipime moyo. Mimi huanza na namba 2000, nikiulowesha na kuutia tone la sabuni, nasugua upande mmoja tu, kisha namba 3000 kwa kukata ule upande wa kwanza, mpaka mistari ya 2000 iishe yote. Plastiki itakuwa nyeupe kama barafu na mwenyewe kibao, akiwa amekaa mbele yako, atashika kifua. Kisha krimu inaifuta weupe huo polepole. Kwa kibao cha yule mama nilitumia msasa mahali pamoja tu, palipochorwa na mkasi, na palipungua bila kwisha. Michirizi mingine yote iliondoka kwa krimu, kazi ya kama saa moja. Mnunuzi wa pili, aliyekuja na lupu yake mwenyewe, hakuzungumza habari ya mikwaruzo hata kidogo. Alizungumza habari ya daraja na namba. Mama aliuza kwa bei iliyolipa karo ya muhula na ikabaki, zaidi ya hapo ni siri yake.

Yapo mambo ya kukaa nayo mbali kabisa. Asetoni, iwe ya duka la dawa au ile ya kuondolea rangi ya kucha, inayeyusha plastiki hizi papo hapo. Thina ni vivyo hivyo, na petroli usiisogeze. Sanitaiza na dawa za kusafishia vioo vya dirisha zenye amonia zinaweza kuitia akriliki nyufa ndogo ndogo kama za kikombe cha kale, na nyufa hizo hazisuguliki kwa sababu ziko ndani. Kuna wanaopitisha moto wa kiberiti cha gesi juu ya plastiki ili ing'ae. Viwandani hufanyika, kwenye karatasi za akriliki, kwa mkono uliozoea. Kwenye kibao chenye sarafu ndani ni wazimu.

Na kuna mikwaruzo ambayo mimi hukataa kuigusa hata nikilipwa. Ukiona mistari imefuatana kwenye ukingo ulipoungwa, au weupe wa kama kupasuka umezunguka pembe, huenda kibao kilifunguliwa kikafungwa tena kwa gundi, sarafu nyingine ikiwa ndani. Vibao vya kughushi vipo pia, vizima vizima, kikaratasi na yote. Hapo mkwaruzo ni shahidi. Ukiung'arisha umemsaidia mwizi, na kesho ukiulizwa huna la kuonyesha. Angalia namba ya kikaratasi kwenye tovuti ya kampuni iliyopima, ulinganishe na sarafu uliyo nayo, na kama kampuni imeweka picha, linganisha hata madoa. Kazi pekee ninayokubali kwenye kibao cha namna hiyo ni kusafisha kidirisha cha namba ili isomeke.

Kwa wenye sarafu ya thamani kubwa, kampuni hizo zenyewe hubadilisha kibao kilichochakaa wakaweka kipya kwa malipo, daraja likabaki lile lile. Hiyo ni njia safi kuliko krimu yangu. Ila kutoka Kenya si safari ya barua tu. Sheria ya Makavazi ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 huhesabu kuwa kitu cha kale chochote cha kuchukulika kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895, isipokuwa vitabu na hati, na kukitoa nje kunataka kibali. Rupia ya 1888 iliyokuwa kwenye kikopo cha bibi tangu zama za kampuni ya Waingereza inaingia hapo moja kwa moja. Ulizia kwanza Makavazi, na kwa watu wa Mombasa Fort Jesus iko mlangoni.

Baada ya kusafisha, kibao kiingie ndani ya mfuko wake laini, kimoja kimoja, kisimame kama vitabu badala ya kulala kama sahani, maana vikilala vya juu huchuna vya chini. Huku bara vumbi ndilo la kuogopwa, kwa hivyo kiwekwe kwenye kikasha chenye mfuniko. Huko kwenu unyevu ni mwingi. Tupieni ndani vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu na redio mpya, na mvibadilishe kabla havijashiba. Kitambaa cha maikrofaiba kifuliwe peke yake kwa sabuni tu, bila dawa ya kulainisha nguo, kwani inaacha utando wa mafuta, na kikianguka chini kwenye udongo kisirudi tena kwenye plastiki. Kipeni kazi ya kufutia pikipiki.